Siku Mia Tatu Sitini na Tano Bila Ajali

Kila asubuhi, kabla sijashusha mkoba begani, napanda juu ya kiti cha mlinzi penye lango la kiwanda na kubadilisha namba. Ubao ni wa kijani, umeandikwa kwa Kiarabu "Siku zilizopita bila ajali", na chini ya maandishi kuna ndoana tatu. Namba ni vibati vidogo vyenye tundu juu. Jumapili ndiyo siku yenye kazi, maana Ijumaa na Jumamosi nazo zinahesabiwa, ingawa kiwanda kimefungwa na hayumo ndani mtu wa kuumia isipokuwa paka.

Jumapili ile ya mwezi wa Juni nilikuwa nimeshatundika tatu na sita, na mbili nimeishika mkononi, niliposikia mtu amepiga ukelele kutoka ukumbi wa kutolea kokwa. Ulikuwa ukelele mfupi, kisha kimya. Nilishuka kitini, nikakimbia na kibati changu mkononi.

Kiwanda chetu kiko nje ya mji wa Nizwa, njia ya kwendea mji wa Adam. Tunaosha tende, tunazitoa kokwa, tunazijaza lozi, tunazipanga kwenye maboksi mazuri ambayo watu hupeleka zawadi. Mashine ya kutoa kokwa ina safu ya sindano nene zinazoshuka na kupanda, na mbele yake panatakiwa pawe na kifuniko cha kuzuia mkono usifike kwenye sindano. Kifuniko kiliondolewa kabla ya Ramadhani, oda zilipozidi, kwa sababu kilichelewesha kazi. Hakikurudishwa.

Khalti Wadha, khalti yaani mama mdogo, namwita hivyo kwa heshima, alikuwa amesimama pale pale penye mashine. Ni mwanamke wa miaka arubaini na kidogo, mzaliwa wa mji wa Sur, pwani, aliyeolewa Nizwa, na miaka sita amefanya kazi mahali pamoja. Mkono wa kulia ameuviringisha kwenye ncha ya mtandio wake, na mtandio ulikuwa unalowa damu. Hakulia. Wenzake ndio waliokuwa wakilia. Fundi alikuwa ameizima mashine na anaitazama kana kwamba imemtukana.

"Kidole gani?" nilimuuliza.

"Cha shahada," alisema. "Ncha yake."

Ndipo Ami Hazim akaja. Huyu ndiye mkuu wangu, meneja wa Rasilimali Watu; si ami yangu wa damu, namwita hivyo kwa heshima. Alikuja na kikombe chake cha kahawa, hakukiacha mezani. Aliutazama mkono, akaitazama mashine, akanitazama mimi. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili:

"Namba ushabadilisha, Shatha?"

Lazima nieleze habari ya Kiswahili. Ami Hazim na mimi wazee wetu walirudi kutoka Unguja. Kiwandani kuna Waarabu wa hapa hapa, Wahindi, Wabangali, na sisi wawili. Kwa hiyo Ami Hazim hukitumia Kiswahili kama watu wengine wanavyotumia mlango. Akitaka kusema neno asilotaka lisikike, anaufunga, na mimi najikuta niko ndani pamoja naye. Amemwita mtu mvivu mbele ya uso wake, amemwita mwengine mnuka jasho, yote huku anatabasamu na kumpa mkono. Wafanyakazi wameshajua: Hazim akianza kusema nami lugha ile, pana jambo. Jambo gani, hawajui.

"Bado ya mwisho, Ami," nilimjibu.

"Basi itundike. Tukiandika ajali leo tunarudi sifuri, na Jumatano tunatimiza mwaka. Mkaguzi anakuja. Keki nishaagiza." Alikunywa kahawa. "Na kwani kimetoka nini? Kidole kimoja. Anavyo tisa vingine. Dereva ampeleke hospitali, na akiulizwa aseme amejikata kwake, jikoni. Umefahamu?"

Khalti Wadha alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

"Ndiyo, Ami," nikasema.

Wakampeleka kwa gari ya kusambazia maboksi. Nikarudi langoni, nikapanda kiti, nikatundika ile mbili. Mia tatu sitini na mbili.

Nimesoma chuo miaka minne mambo ya rasilimali watu. Nilifundishwa namna ya kuajiri kwa haki, namna ya kulinda afya ya mfanyakazi, namna ya kuchunguza ajali ili isirudi tena. Nilipokwenda kwenye usaili wa kazi hii nilikuwa nimekesha siku tatu najisomea. Ami Hazim hakulifungua faili langu. Aliniuliza: "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamwambia. "Bibi yako alikaa mtaa gani Unguja?" Nikamwambia Malindi. Akapiga meza kwa furaha. "Malindi! Nyumba yenye baraza la sementi? Bibi yako na marehemu mama walikuwa wakipikiana futari!" Basi, nikaajiriwa. Nje walikuwa wamekaa wasichana wanane na mafaili yao mapajani, wengine nimesoma nao, wenye alama kunishinda. Bibi zao hawakuwahi kukaa Malindi.

Mimi nilifurahi. Hilo nalisema mwenyewe, asinisemee mtu. Nilirudi nyumbani na haluwa, bibi yangu akapiga vigelegele, na sikuwafikiria wale wanane mpaka baada ya wiki.

Ofisini kwetu kuna picha kubwa ya mzungu aliyevaa kofia ngumu ya manjano, anacheka, na maneno "Wewe ndiye hazina yetu." Hakuna anayevaa kofia ngumu kufungasha tende. Kila miezi mitatu Ami Hazim hutoa mafunzo ya afya na usalama. Ya mwisho yalihusu namna ya kukaa kitini ili mgongo usiume. Aliwafundisha kwa saa nzima wanawake wanaosimama saa tisa kwa siku, na wao walisimama kumsikiliza, kwa sababu ukumbini hamna viti. Mwisho akawapa fulana zilizoandikwa "Usalama Kwanza", saizi moja kwa wote.

Na kuna sanduku la maoni. Mimi ndiye ninayelifungua. Mwezi wa Machi nilikuta humo barua ya Khalti Wadha, mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: kifuniko kimeondolewa, sindano ziko wazi, naogopa, na wenzangu wanaogopa. Niliigonga muhuri wa kupokea, nikaweka saini yangu na tarehe, kama nilivyofundishwa, nikampelekea Ami Hazim. Aliisoma akiwa amesimama.

"Hawa wamama wa Sur wanapenda maneno," alisema. "Iweke kwenye faili."

"Faili gani, Ami?"

"Faili lolote."

Nikaiweka kwenye faili.

Jumatatu, kidole cha Khalti Wadha hakijamaliza hata siku mbili, Ami Hazim alifanya usaili wa mtu wa kushika mahali pake. Nilikaa pembeni kuandika. Aliingia msichana anaitwa Yaqeen, ana miaka ishirini na mbili, mpole, ameolewa miezi minne iliyopita. Ami Hazim alimuuliza kwa Kiarabu kama ana maradhi, kama macho yake mazima, kama baba mkwe wake ana habari. Kisha akamwambia aweke mikono mezani, aigeuze huku na huku. Yaqeen akaigeuza. Ilikuwa na hina iliyokaribia kufutika.

"Vidole vyembamba, vizuri," Ami Hazim akaniambia kwa Kiswahili, huku anamtikisia kichwa Yaqeen kwa upole mkubwa. "Lakini huyu mwakani atazaa. Andika: tutamjulisha."

Nikaandika: tutamjulisha. Yaqeen aliondoka akimuombea dua.

Alipotoka, Ami Hazim alinisukumia karatasi mezani. Ilikuwa imechapwa kwa Kiarabu. Mimi, Wadha, nakiri kwamba nimeumia nyumbani kwangu nikikata nyama, na kwamba kiwanda hakihusiki.

"Mpelekee kesho atie saini," alisema. "Akitia, ana likizo siku kumi na kazi yake ipo. Asipotia, mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi huu, na mimi sitauendeleza. Mwambie vizuri. Wewe una sauti ya huruma, watu wanakuamini."

"Ami, mimi..."

"Wewe nini?"

"Hapana, Ami. Nitampelekea."

Jumanne baada ya adhuhuri nikaenda. Nyumba yake iko karibu na mashamba ya mitende, ua wake umepandwa mirehani. Mume wake yuko kazini Muscat siku za wiki, watoto walikuwa wamelala. Alinikaribisha barazani, akaniwekea tende na matunda yaliyokatwa vibaya vibaya, nikafahamu aliyakata kwa mkono wa kushoto. Kahawa pia alinimiminia kwa kushoto. Akaniomba radhi kwa hilo, maana si adabu.

Mimi ndiye ninayeombwa radhi! Nilikinywa kile kikombe kwa haraka nikaunguza ulimi.

Nilitoa karatasi, nikaanza kusema kwa Kiarabu maneno niliyoyapanga garini. Kwamba kampuni inamjali. Kwamba ni utaratibu tu. Kwamba likizo itakuwa siku kumi.

Aliisoma polepole, kidole cha kushoto kikifuata mstari. Alipomaliza akaiweka chini ya sahani ya tende.

"Anavyo tisa vingine," alisema. "Sivyo?"

Alisema kwa Kiswahili. Kiswahili safi, cha kizamani, kama cha bibi yangu.

Nilishindwa kuinua uso.

"Usiogope, mwanangu. Bibi yangu alizaliwa Pemba. Pale Sur, mtaa wetu, wazee wote walikuwa wakikisema. Bibi alikuwa akitutukana kwa Kiswahili na kutubembeleza kwa Kiarabu, ndiyo maana matusi nayajua yote." Akacheka kidogo. "Huyo Hazim wako anadhani Unguja na Pemba ni mali ya watu wa mjini peke yao. Miaka sita nimesimama namsikia. Najua nani amemwita punda, nani amemwita gunia. Mimi mwenyewe ananiita Bibi Maneno."

"Kwa nini hukumwambia, Khalti? Hata siku moja?"

"Ningemwambia, angenyamaza. Bora aseme, nami nijue niko na watu gani."

Nilikuwa nimeanza kulia. Sipendi kulia mbele ya watu, lakini machozi yangu hayana adabu, huja yenyewe. Hakunibembeleza. Alinisogezea boksi la tishu kwa mkono wa kushoto.

"Jumapili sikuwa namtazama yeye," akasema. "Yeye namjua. Nilikuwa nakutazama wewe. Wewe ndiye uliyepokea barua yangu. Nikasema moyoni, huyu mtoto atasema. Ukasema ndiyo." Aliuinua mkono wenye bendeji akauweka mapajani, kama mtu anayemlaza mtoto. "Hebu niambie. Uliposema ndiyo, ulikusudia nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba mimi ni muoga? Kwamba bibi yangu alipikiana futari na mama yake Hazim?

"Mtandio bado naufua haujatoka damu," alisema, sauti imeshuka. "Huo si kitu. Mimi nikisali, nikikaa tahiyatu sasa, nikitaka kuinua kidole, nainua bendeji. Watoto wanacheka. Nami nacheka nao. Lakini kusema kwamba nilikuwa nakata nyama, hilo silitii saini, hata akinifukuza. Na nikifukuzwa sijui nitaajiriwa wapi. Kila mahali watauliza mikono."

Aliitoa karatasi chini ya sahani, akanirudishia. Imepata doa la asali ya tende pembeni.

"Mwambie Wadha hakutia. Na ile barua yangu ya kifuniko ipo?"

"Ipo, Khalti."

"Basi."

Jumatano asubuhi nilitundika tatu, sita, tano. Mlinzi alipiga makofi, nadhani kwa kunionea huruma. Ukumbini walitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya kupangia maboksi, na juu yake keki ya kijani yenye namba ile ile ya langoni. Wafanyakazi walivalishwa fulana. Na kwenye mashine ya kutoa kokwa kulikuwa na kifuniko. Kilirudishwa jana yake jioni, kinang'aa, kimefungwa skrubu mbili badala ya nne.

Ami Hazim alivaa kilemba cha sikukuu. Nilipomwambia kwamba Khalti Wadha hakutia saini, alikuna kidevu.

"Hewala. Haina haja. Hayupo, na asiyekuwepo haulizwi."

Lakini alikuwepo. Saa nne, mkaguzi alipofika, Khalti Wadha alikuwa amesimama kwenye safu ya wenzake, fulana ya "Usalama Kwanza" juu ya nguo yake ndefu, mkono wa bendeji ameukunja kifuani. Hakuna aliyemwita. Alikuja kama anavyokuja kila siku, kwa basi la wafanyakazi.

Mkaguzi alikuwa mwanamke, Ustadha Kaltham, mfupi, ana miwani na daftari. Hakuitazama keki. Alipita penye mashine, akagusa skrubu za kifuniko, akaandika. Alipofika kwenye safu akasimama mbele ya bendeji.

"Pole. Hii ya nini?" aliuliza kwa Kiarabu.

Kabla Khalti Wadha hajafungua mdomo, Ami Hazim ameshaingia kati. "Kisu cha jikoni, Ustadha, nyumbani kwake. Tumempa likizo, lakini hawa wanawake wetu wanaipenda kazi, hawakai nyumbani!" Akacheka. Alicheka peke yake.

"Nimeumia hapa," alisema Khalti Wadha. "Jumapili. Mashine hii."

Ustadha Kaltham alifunga daftari lake, kidole kikiwa ndani. "Nani anaandika daftari la ajali?"

"Mimi," nilisema. Sauti ilitoka ndogo mpaka ikabidi nirudie. "Mimi."

"Na lina nini la Jumapili?"

"Halina kitu."

"Kwa nini? Ameumia wapi huyu?"

Ami Hazim alinisogelea, akaniwekea mkono begani kama baba, na kwa uso wa tabasamu, mbele ya mkaguzi, mbele ya wote, akaufunga ule mlango wake.

"Sema kisu cha jikoni, mwanangu," aliniambia kwa Kiswahili. "Neno moja tu, tukale keki. Usije ukanitia aibu. Bibi yako alikuja mwenyewe nyumbani kwangu kukuombea, mzee wa watu, na miguu yake ile. Huyu hana mtu. Wewe una watu. Sema."

Kumbe bibi alikwenda, na Hazim aliponiuliza mtaa kwenye usaili alikuwa ameshajua. Sikujua. Nilimwona kwa macho ya moyo akipanda ngazi za Hazim na mkongojo, amevaa buibui lake zuri, kwenda kuniombea kazi ambayo nilikesha siku tatu nikiisomea.

"Msikilize ami yako, Shatha," akasema Khalti Wadha. Naye kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi. "Anakwambia kisu. Bibi Maneno hana mtu."

Mkono wa Ami Hazim ulitoka begani kwangu. Nilimtazama usoni, mara ya kwanza nadhani tangu aniajiri. Alikuwa akihesabu. Niliona macho yake yanarudi nyuma miaka sita, mwaka hata mwaka, neno hata neno, na kila alipofika alimkuta mwanamke huyu amesimama pale na tende zake, anasikia.

"Wewe..." alimwambia. Hakumaliza.

"Wanasema nini?" aliuliza Ustadha Kaltham. Aliniuliza mimi.

Faili lilikuwa kwapani tangu asubuhi. Nililibeba bila kujiambia kwa nini. Nikatoa ile barua ya Machi, mwandiko mkubwa, muhuri wetu, saini yangu. Na pamoja nayo ile karatasi ya kukata nyama, yenye doa la asali ya tende. Nikamkabidhi zote mbili.

Kisha nikasema kwa Kiarabu, ili asibaki mtu ukumbini asiyefahamu:

"Ameumia hapa, kwenye mashine hii, Jumapili asubuhi. Kifuniko hakikuwepo, kimerudishwa jana. Yeye alituandikia tangu Machi, na barua niliipokea mimi, nikaiweka kwenye faili. Jumapili Bwana Hazim aliniambia niseme ni jikoni kwake, na mimi nikasema ndiyo."

Nikamgeukia Khalti Wadha, kwa sababu yeye ndiye aliyeniuliza, jana, barazani kwake.

"Nilikusudia hapana."